Tamthilia za kale: ubakaji unavishwa gauni la kifalme, mzazi ukilalamika unaambiwa "ndivyo ilivyokuwa"

Wazazi wenzangu, yamenifika shingoni, na leo nayasema.

Binti yangu ana miaka 12. Anapenda historia kuliko somo lolote, na mavazi ya zamani ndiyo usiseme. Tukaanza kutazama pamoja tamthilia moja ya enzi za wafalme wa Ulaya: magari ya farasi, barua zilizofungwa kwa nta, magauni yanayofagia sakafu. Sehemu tatu za kwanza zilikuwa safi kabisa. Yeye huketi na daftari lake, anachora gauni linalompendeza huku anatazama.

Sehemu ya nne, usiku wa kwanza wa ndoa, bwana anamwingilia mkewe kwa nguvu. Mke analia, anasema hapana, na kamera imeganda palepale. Nikapapasa rimoti kwenye mito, sikuipata. Nikainuka nikasimama mbele ya televisheni kuziba kwa mwili wangu. Nilipogeuka, penseli ya mwanangu ilikuwa imekwama katikati ya mkono wa gauni. Akaniuliza, "Mama, si amesema hapana?"

Alipolala nikaendelea peke yangu, nijue nimemkalisha mtoto mbele ya kitu gani. Hapo ndipo hasira ilipozidi. Kufika sehemu ya sita, yule yule mume ndiye mpenzi tunayetakiwa kumshangilia. Mishumaa, vinanda, busu la bustanini. Usiku ule hautajwi tena. Hakuombwa mtu radhi.

Niliwaandikia wenye huduma ile ya mtandaoni. Wakanijibu mistari miwili: tamthilia ina alama ya umri, miaka 16 na kuendelea, na inaakisi uhalisia wa zama zile.

Alama niliiona, sikatai. Inakaa pembeni sekunde chache na maneno "maudhui ya watu wazima". Nikadhani ni vita na damu, maana tangazo lao zima ni dansi na mapanga. Maneno hayo yanabeba tusi moja na yanabeba ubakaji, kwa uzito uleule. Mzazi atajuaje?

Na huo uhalisia uko wapi? Waigizaji wote wana meno meupe pe. Hakuna hata uso mmoja wenye makovu ya ndui, ugonjwa ulioharibu nyuso za watu wengi mno enzi hizo. Mwanamke anajifungua, wiki haijaisha yuko dansini kiuno chembamba. Yote hayo wameyasafisha, wakaacha ubakaji peke yake, halafu wanauita historia.

Historia ipo, wangeitaka. Uingereza, umri ambao sheria ilimhesabu msichana kuwa anaweza kuridhia tendo ulikuwa miaka 12 hadi 1875. Ukawa 13, ukafika 16 mwaka 1885. Kumi na mbili! Umri wa huyu wangu mwenye daftari. Na mume kumbaka mkewe hakukutambuliwa na mahakama za huko kuwa kosa hadi 1991. Tamthilia ingeonyesha kwamba yule mke hakuwa na pa kushtaki, ningekaa na mwanangu nikamweleza kila kitu. Sikatai mambo mazito. Nakataa ubakaji kugeuzwa mwanzo wa mapenzi.

Downton Abbey, tamthilia ya kale ya Uingereza, waliweka kisa cha mtumishi wa ndani kubakwa, 2013, na watazamaji wakalalamika hadi kwa Ofcom, wasimamizi wa utangazaji Uingereza. Ofcom wakasema ilirushwa baada ya saa tatu usiku, saa ambayo huko vipindi vya watu wazima huruhusiwa, na onyo lilitangulia. Sawa, lakini angalau palikuwa na saa na palikuwa na sauti ya kukuonya. Na hadithi ilibaki na maumivu ya yule mama kwa muda mrefu, haikumsahau. Mtandaoni hakuna saa tatu usiku. Bridgerton, tamthilia ya kale ya mtandaoni, ambayo Marekani imepewa alama ya TV-MA, ya watu wazima, ilitoka tarehe 25 Desemba 2020. Sikukuu, familia nzima ipo sebuleni!

Kuna watakaosema ningetazama kwanza mwenyewe. Sehemu nane za saa nzima, kila tamthilia, kabla mtoto hajaketi? Nani ana siku hizo? Wao wameshaitazama yote. Wametuwekea hata kitufe cha kuruka muziki wa mwanzo, ili tusichoke kwa dakika moja. Basi watuwekee na cha kuruka ubakaji. Waandike waziwazi: sehemu ya nne, dakika fulani, mwanamke anabakwa. Teknolojia wanayo, nia ndiyo hawana.

Mwenye tamthilia ya kale aliyoitazama mpaka mwisho na mtoto wa umri huu, naomba aitaje hapa, na kama kuna sehemu ya kuruka aiseme kwa namba. Binti bado anaulizia tutaendelea lini, na ile siwezi kuirudia.