Naomba ushauri: nina miaka 44, nijifunze ufundi gani?

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa ofisini miaka 19, sasa nataka ufundi wa mikono kabla nguvu hazijaisha. Yamebaki mawili: kuchomelea vyuma, au majokofu na viyoyozi. Uchomeleaji naupenda kweli. Juzi fundi mmoja alinipa helmeti na holda (kile kishikio cha fimbo ya kuchomelea) nijaribu. Mshono ukatoka vinundu vinundu kama kinyesi cha kuku, lakini nilishinda nikitabasamu. Shida ni macho, tayari nasoma kwa miwani, na goti la kushoto halitaki kuchuchumaa. Majokofu nayo ni umeme, gesi na mabomba kwa mpigo! Mlioanza ukubwani, mlipitia chuo au kwa fundi? Na kutumwa spana na kijana wa miaka 22, mlizoeaje?