Mzee anabanwa kifua akipanda ngazi: tredimili au Holter?

MtuWaBusia
Jamani nisaidieni. Mzee wangu ana miaka 61, anauza mahindi hapa Busia, sasa miezi miwili hivi akibeba gunia au akipanda ngazi za stoo kifua kinambana, akikaa dakika tano kinaachia. Daktari wa Kampala anataka atembezwe kwenye tredimili, ule mkanda wa kutembelea huku moyo unapimwa, binamu yangu naye anasema achaneni na hiyo, avalishwe Holter, kile kimashine cha kurekodi mapigo ya moyo, masaa 24 ndo inaona kila kitu. Pesa iko ya kipimo kimoja tu. Tuchukue kipi?

MamaZ_Mbale
Pole mwanangu. Mimi niliivaa Holter mwaka juzi. Mawaya kifuani, kimashine kiunoni, hakuna kuoga, na kadaftari ka kuandika saa ngapi umelala saa ngapi umesikia maumivu. Sokoni wakaniuliza mama hiyo ni redio? Nikaona aibu nikarudi kukaa kwenye mkeka siku nzima, majibu yakatoka safi kabisa, kumbe mshipa umeziba, tredimili ndo ikaja kuonyesha dakika ya sita.

fundi_ECG
Mama Z kamaliza. Holter inarekodi maisha yako, ukikaa tu itarekodi kukaa. Tredimili inaulazimisha moyo ufanye kazi huku daktari yuko pembeni. Utaratibu unaoitwa Bruce unaanza km 2.7 kwa saa, unaona ni polepole lakini ni mlima wa asilimia 10, halafu kila dakika 3 mkanda unaongeza mwendo na mwinuko, sisi macho kwenye mstari wa ST, kile kipande cha mchoro wa umeme wa moyo (ECG) kinachofuata baada ya kila pigo, ukishuka milimita 1 au zaidi ukabaki umelala au unaelekea chini tunashtuka. Mapigo tunataka yafike walau asilimia 85 ya 220 ukitoa umri, kwa mzee ni kama 135. Na dakika aliyochokea inatwambia mengi kuliko watu wanavyodhani. Maumivu yanayokuja na kazi, anza hapo. Holter ni ya mapigo yanayorukaruka, kuzimia, au kifua kinachobana usiku mtu kalala, na kweli inakamata ile damu inayopungua moyoni kimyakimya bila maumivu, lakini binamu asikudanganye eti inaona kila kitu. Dawa asiache mwenyewe, amuulize daktari. Maumivu yakianza kuja amekaa tu, habari ya kipimo hakuna tena, mkimbize hospitali hata kama ni usiku.

MtuWaBusia
Asanteni sana. Shida goti la kushoto, alianguka na boda, anachechemea.

fundi_ECG
Sasa si ungeanza na hilo bwana! Goti litamsimamisha kabla moyo haujachoka, mtakuwa mmelipia kupima goti. Mwambieni daktari mapema, kuna ile ya kuingiza dobutamini, dawa ya kuufanya moyo uende kasi, kwenye mshipa huku wanaangalia moyo kwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti, mgonjwa amelala kitandani. Bei iulizieni kwanza.

MtuWaBusia
Na raba nishamnunulia leo asubuhi 😅