Tanibako M20 inatoka kwenye orodha kama raundi baa D40: matirio yake niweke nini?

Mchoraji_Raskazone

Wakuu, habari za jioni. Nina modeli ya ghala la mita 36 kwa 18, upande wa Pongwe hapa Tanga. Natumia Tekla Structures (programu ya kuchora majengo ya chuma). Nguzo na kenchi ni chuma cha gredi S275JR, bresi (vyuma vya mshazari vya kuzuia ghala lisiyumbe) ni raundi baa D20 (chuma cha duara, kipenyo mm 20) zenye tanibako M20 (kile kikazio cha kati chenye meno ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili). Paneli ni 8, ukutani 4 na paani 4, kila paneli ina X ya bresi mbili, kwa hiyo tanibako 16.

Mwili wa tanibako nimeuchora kwa profaili D40, urefu mm 200. Matirio sikuigusa, ikabaki S275JR ileile ya nguzo. Sasa orodha ya kukata inamwambia mtu wa msumeno akate D40 vipande 16 vya mm 200, kilo 1.97 kila kimoja. Hata faili la mashine ya kukatia limetoka. Raundi baa ya bresi nayo nimeipitisha moja kwa moja ndani ya mwili, mm 5,400 kutoka mwanzo hadi mwisho.

Maswali: gredi sahihi ya tanibako ni ipi? Uzito nitaupataje uwe wa kweli? Na injinia anataka kujua inabeba kilonewtoni ngapi. Hiyo programu itaisoma kutoka kwenye gredi au naiandika wapi?

Msumeno_Chumbageni

Mkuu, hapo una makosa mawili yaliyovaa kanzu moja. La gredi ndilo dogo.

Tanibako hainunuliwi kwa mita, inanunuliwa kwa idadi. Ukiipa S275JR na profaili ya D, programu inaihesabu kama chuma cha kukatwa, na haijakosea, wewe ndiye umeiambia hivyo. Ipe matirio yake peke yake. Fungua katalogi ya matirio, nakili S235JR, nakala uipe jina lisilofanana na gredi yoyote ya stoo, mfano TANIBAKO_DIN1480 (DIN 1480 ni kiwango cha Kijerumani cha tanibako). Moduli ya elastiki na vingine viache vilivyo. Ukihifadhi, katalogi inaandikwa kwenye faili la matdb.bin ndani ya folda ya modeli. Modeli nyingine haitalijua jina hilo mpaka uliingize na huko.

Halafu kwenye sifa za kipande chenyewe:

Jina: TANIBAKO M20 KULIA/KUSHOTO. Ndilo litakalosomwa na mnunuzi, kwa hiyo liwe la Kiswahili na lijitosheleze.

Kiambishi cha namba: kiwe cha kwake, mfano TB, kuanzia 1. Usiiache ikachangia kiambishi na raundi baa.

Kisha kichujio kinachoondoa kila chenye TB, ukitumie kabla ya kutoa faili za mashine, na kanuni hiyohiyo uiweke kwenye safu ya orodha ya kukata. Orodha ya pili, ya vitu vya kununua, ichukue TB tu pamoja na boliti. Hapo D40 haitamfikia mtu wa msumeno tena.

Angalia pia namba baada ya kuzipanga upya. Tanibako zote 16 zinatakiwa ziwe TB1. Ukiona TB1, TB2, TB3, maana yake uliichora kwa kubofya pointi mbili juu ya raundi baa ya mshazari na urefu ukatoka 199.6 hapa, 200.3 pale. Chora moja kwa 200 kamili, nyingine zote nakili kutoka hiyo.

Mzee_wa_Karakana

Msumeno kasema vizuri. Nyongeza yangu ni neno moja ambalo lina hasara kuliko gredi: usiandike "nondo" popote kwenye jina la bresi. Mwenye duka la vifaa akisoma "nondo 20" atakupakilia nondo ya zege, yenye mbavu, na hana kosa. Ile ukiipeleka kwenye dai (kikatio cha meno ya nje) ya M20, mbavu zinaondoka, kiini kilichobaki ni chembamba, vilele vya meno havijai. Andika RAUNDI BAA LAINI D20 S235JR. Na ikifika, vernia (kipimo cha kipenyo) itoke mfukoni. Baa inayoitwa 20 ikisoma 19.2 itakupa meno yenye vilele bapa, na hiyo hakuna programu itakayokuonyesha.

La pili, ile baa ya mm 5,400 iliyopita ndani ya mwili. Ivunje iwe vipande viwili. Hesabu yake ni nyepesi: urefu wote, toa mwili, ongeza kinachoingia ndani kila upande. Ukiingiza mm 60 kila upande: 5,400 − 200 + 120 = 5,320. Kipande cha chini kiwe 1,200 ili mkono wa mtu aliyesimama ufike kwenye tanibako bila ngazi, cha juu kinabaki 4,120. Vyote viwili vinatoka kwenye baa moja ya mita 6 na unabaki na kipande cha kama mm 680, ukitoa na ulaji wa msumeno.

Katikati ya mwili inabaki nafasi ya mm 80. Hatua ya M20 ni mm 2.5, na kwa kuwa pande mbili zinavutwa pamoja, mzunguko mmoja wa mwili unasogeza mm 5. Mizunguko 16 na ncha zinagongana. Hiyo ndiyo akiba yako ya kukazia, basi. Ukiiacha baa nzima kwenye mchoro, karakana itakata 5,400, na fundi wa juu ya kenchi ndiye atakayegundua hakuna pa kukazia.

Na kipande cha kushoto kipe jina tofauti. Kulia na kushoto vikiwa na urefu sawa programu itavipa namba moja, kwa kuwa meno hayachorwi. Hata kama urefu haulingani, andika MENO KUSHOTO ndani ya jina na uiruhusu tofauti ya jina itenganishe namba kwenye mpangilio wa kuhesabu. Vinginevyo vitachanganywa kwenye lori.

Mchoraji_Raskazone

Shikamoo mzee. Hilo la meno kushoto sikuwa nalo kabisa. Uzito je? Nimeona pahala wanabadilisha densiti ya matirio mpaka kilo zikae sawa.

Mzee_wa_Karakana

Marahaba. Densiti waulize vijana, mimi mizani yangu ni ya nanga.

Msumeno_Chumbageni

Inafanya kazi, na kwa kitu cha aina hii sioni dhambi, ilimradi jina la matirio lisiwe la gredi halisi. Pima tanibako kumi kwa pamoja kwenye mizani, gawa kwa kumi. Tuseme imetoka kilo 1.1. Ujazo wa D40 × 200 ni mita za ujazo 0.000251. Gawa 1.1 kwa ujazo huo, unapata kama 4,377. Namba hiyo unaiweka badala ya 7,850 kwenye densiti ya profaili, na uzito wa D40 unatoka 1.1.

Kwa tanibako 16 tofauti ni kilo 31.6 dhidi ya 17.6. Si uzito wa kuangusha ghala, lakini nukuu ya bei ikipigwa kwa kilo mteja anaiona.

Kaskazi_na_Kusi

Mimi napinga densiti ya kubuni. Miezi sita baadaye kuna mtu atanakili modeli, ataona TANIBAKO_DIN1480 kwenye orodha, ataipa pleti ya kishikizo kwa kubofya vibaya, na pleti ya kilo 5 itasoma 2.8. Hakuna onyo litakalotokea. Densiti ya chuma ni 7,850, iache hapo.

Njia safi ni kuingiza umbo halisi kwenye katalogi ya maumbo na kulitumia kama kipengee badala ya boriti ya D40. Watengenezaji wengi wanatoa umbo la DIN 1480. Ujazo ukiwa wa kweli, 7,850 inakupa uzito wa kweli, na mchoro wa kusimamishia unaonyesha dirisha la mwili, fundi anaelewa ni kitu gani. Kwa DIN 1480 mwili wa M20 ni mm 200, M16 ni 170, M24 ni 255. Hakikisha umbo ulilopakua linalingana na urefu huo kabla ya kulisambaza paneli 8.

Kama umbo hulipati, acha D40, acha 7,850, na uzito wa mizani uuandike kwenye sifa ya mtumiaji ya kipande. Orodha ya kununua isome sifa hiyo badala ya uzito wa modeli. Kazi inaongezeka kidogo kwenye kiolezo cha orodha, mara moja tu.

Msumeno_Chumbageni

Nakubali kwa umbo. Kwa sifa ya mtumiaji, jumla ya tani za modeli bado itabeba 1.97, ujue hilo.

Injinia_Bombo

Swali la uwezo naona limepitwa. Usilitafute kwenye katalogi ya matirio. Kunakili S235JR hakumaanishi tanibako ni S235JR. Mwili uliofuliwa unaweza kuwa wa chuma kingine kabisa, kwa mfano zile za Kimarekani hufuliwa kwa A29 gredi 1035. Uwezo wa mwili unatoka kwenye cheti cha mtengenezaji. Cheti hakipo, tanibako haipandi.

Chunga namba mbili zisichanganywe. Tanibako nyingi zinauzwa kwa mzigo wa kazi, ule wa watu wa kunyanyua mizigo, ambao mara nyingi tayari umegawanywa kwa 5. Mzigo ninaokupa mimi wa bresi umekwisha kuzidishwa na vigezo vya usalama. Ukizilinganisha moja kwa moja utaagiza tanibako kubwa bila sababu. Ukilinganisha nguvu ya kukatikia na mzigo usiozidishwa, umejidanganya upande wa hatari.

Baa yenyewe unaihesabu kwenye meno, siyo kwenye mwili laini. Kwa Eurocode 3 (kanuni za Ulaya za usanifu wa chuma), M20 ina eneo la mvuto la mm² 245. S235 ina fu (nguvu ya kukatikia) ya 360. Kwa hiyo 0.9 × 360 × 245 ÷ 1.25 = kN 63.5. Meno yakikatwa kwa dai ya karakana na hayafikii kiwango cha EN 1090, zidisha kwa 0.85: kN 54. Baa laini ya D20 kwa kulegea (chuma kuanza kunyooka bila kurudi) ni 314 × 235, kama kN 73.8, kwa hiyo meno ndiyo yanayotawala. Ukiona mtu kaandika 73.8 kwenye mchoro, mrudishie.

Kwa uchambuzi: vipande viwili vya baa na tanibako vikiingia kwenye modeli ya uchambuzi kama vilivyo, unapata viungo vitatu mfululizo ambavyo maungio yake hayana wa kuyazuia kando. Mwili upe kundi la kupuuzwa, na mshazari mzima uingie kama kiungo kimoja cha kuvutwa tu. Raundi baa haisukumi.

Na zile tanibako za kulabu zinazouzwa kwa ajili ya waya wa uzio, mwili wa chuma cha kumimina, zisisogee kwenye bresi hata kama uzi wake ni M20.

Kaskazi_na_Kusi

Bado sehemu ya umaliziaji, ambayo kwa Tanga ndiyo inayoamua itakaa miaka mingapi. Usiandike "ZINKI" peke yake. Duka litakuletea iliyong'arishwa kwa umeme, mikroni chache tu, na upepo wa kusi ukianza kupuliza chumvi kutu inatoka kwenye meno kwanza. Andika KUCHOVYA MOTO ISO 1461, yaani kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyuka. Kwa vitu vyenye meno vinavyozungushwa baada ya kuchovywa, vinene kuliko mm 6, wastani ni mikroni 50. Chuma kingine kinene kuliko mm 6 ni 85.

Tatizo la kuchovya ni kwamba zinki inajaa kwenye meno. Baa iliyokatwa kwa M20 ya kawaida na mwili wa M20 wa kawaida, vyote vikichovywa, haviingiani. Tanibako iagizwe ikiwa imechovywa na meno yake ya ndani yamepanuliwa na mtengenezaji. Msimpe fundi tepu (kikatio cha meno ya ndani) akapanue mwenyewe, hasa ya kushoto, akipita kidogo mshiko umekwenda. Tena ionekane ncha ya baa ndani ya dirisha la mwili kila upande, ndiyo dalili kwamba meno yote yameshika.

Mchoraji_Raskazone

Nimeshukuru wakuu. Nimeingiza umbo la M20, urefu 200, densiti 7,850, matirio TANIBAKO_DIN1480, kiambishi TB. Zote 16 zimekuwa TB1 na hazitoki tena kwenye faili za mashine. Baa zimegawanyika 1,200 na 4,120. Swali la mwisho: nati ya kufungia kila upande wa tanibako, niichore au niiandike tu?

Msumeno_Chumbageni

Iingize kwenye orodha ya kununua: nati 16 za M20 kulia, nati 16 za M20 kushoto. Kuchora si lazima. Ila hizo za kushoto ziagize leo pamoja na tanibako, maana Ngamiani nzima utazunguka utapata za kulia tu.

Mzee_wa_Karakana

Na ncha za kushoto zipakwe rangi nyekundu kabla hazijatoka karakana. Iandike kwenye mchoro.