Tuliowahi kutengeneza filamu fupi chuoni, tupeane uzoefu: kipi kilikutoa jasho?

Teki ya Kumi na Tisa:
Wakuu, leo natafuta waya wa chaji kwenye droo nikakutana na diski ya filamu yetu ya mwaka wa mwisho. Dakika 9 tu, lakini kila nikiiangalia nasikia harufu. Iko hivi: tuliazimwa nyumba ya shangazi wa mwenzetu tushutie humo, yeye akiwa safarini. Friji lake likawa linaunguruma, mtu wa sauti akasema lizimwe. Tukazima saa mbili asubuhi. Saa nne usiku tukamaliza, tukafagia, tukafunga mlango, tukaondoka zetu tukijisifu kwa ustaarabu. Shangazi alirudi siku ya nne.

Kwenye majina ya mwisho wa filamu tulimwandika wa kwanza kabisa. Haikusaidia. Mpaka leo mimi ni "yule wa friji". Nani mwingine?

Mama Fremu:
Mwanangu, ukizima friji la watu, ufunguo wa gari unauweka humohumo ndani. Huondoki bila kulifungua. Kama hamna gari, weka simu.

Jicho Pembe:
Niliweka simu. Nikalisahau friji na simu yenyewe.

Bubu Mwenye Maiki:
Mtu wa sauti huwa ndiye mchawi wa seti. Nimekuwa huyo. Ndege ikipita ukisema "turudie", kila mtu anakukata jicho. Siku ya mwisho niliomba watu wanyamaze sekunde 30 nirekodi ukimya wa chumba, muongozaji akacheka: "Tupoteze muda kurekodi kimya?" Wiki mbili baadaye kanipigia usiku, anaediti, anauliza mbona kila akikata sentensi sauti inakufa kama mtu kazibwa masikio. Nikamwambia hapo ndipo kingewekwa kile kimya.

Teki ya Kumi na Tisa:
😂😂 Umenikumbusha mbali.

Ndevu Zimekwenda:
Mhusika mkuu wetu alinyoa siku ya pili ya kushuti. Sina la kuongeza.

Mgeni wa Jumamosi:
Habarini wakubwa. Kikundi chetu tunaanza kushuti Jumamosi. Tuweke fremu (picha) 24 au 25 kwa sekunde?

Jicho Pembe:
24. Ndiyo ya sinema.

Fundi Gizani:
25. Ukishuti kwa 24 chini ya taa za umeme wa hezi 50, picha inapepesa, utalia.

Jicho Pembe:
Kinacholeta kupepesa ni shata, ule muda kila fremu inapokea mwanga, siyo idadi ya fremu. Aweke shata 1/50 ya sekunde, hiyo 24 itatulia. Kwenye umeme wa hezi 60 aweke 1/60.

Fundi Gizani:
Nimeshuti harusi miaka kumi, usinifundishe.

Jicho Pembe:
Harusi siyo filamu, mkuu.

Fundi Gizani:
Harusi haina teki ya pili. Wewe ungezimia.

Lenzi Ndefu:
Nimeusoma uzi huu tangu asubuhi nikijizuia. Basi.

Sini yetu: kijana anampora dada mkoba barabarani, anakimbia. Muongozaji hakutaka watu waikodolee kamera, nikapandishwa ghorofa ya pili ng'ambo ya barabara na lenzi ya milimita 200. Kijana tukambandika maiki ndogo ndani ya shati. Kibali hatukuwa nacho, wapita njia hatukuwaambia kitu, eti sura zao ziwe za kweli.

Zikawa za kweli. Hajafika hatua ishirini, mtu kapiga kelele "mwizi!", mwingine kampiga mtama. Barabara ilijaa sijui watu walitokea wapi. Kwenye hedifoni nilikuwa namsikia kama ananinong'oneza: "Ni filamu jamani, ni filamu!" Na mtu mmoja anamuuliza, taratibu kabisa: "Filamu gani? Kamera iko wapi?" Kijana akanyoosha mkono kwenye dirisha langu. Nami nilikuwa nyuma ya pazia, kama nilivyoagizwa.

Aliyemwokoa ni yule dada aliyeporwa. Alijilaza juu yake. Kijana aliondoka pale hana jino moja la mbele, mkono umeteguka.

Lisilonitoka ni hili. Wenzangu walishuka ngazi mbio, mimi nikabaki. Nilijiambia hii kamera ni ya chuo, siwezi kuiacha. Baadaye nikaiangalia ile klipu: dakika 3 na sekunde 40, na katikati kuna mtu karekebisha fokasi. Mtu huyo ni mimi.

Mama Fremu:
Poleni. Wote wawili.

Fundi Gizani:
Ulirekebisha FOKASI? Ungeitupa hiyo kamera ushuke!

Bubu Mwenye Maiki:
Mikono huwa inajifanyia. Na kamera ya chuo ukiivunja unalipa, tusijifanye hatujui.

Fundi Gizani:
Na jino nani kalipa?

Jicho Pembe:
Samahani kwa swali. Mliitumia?

Lenzi Ndefu:
Mwalimu alisema tuitoe. Mwenye jino akasema iwekwe, lisiende bure. Tukaweka sekunde 11. Siku ya kuonyesha, darasa zima lilisifu uigizaji.

Mama Fremu:
Sini kama hiyo kibali mkononi, karatasi za tangazo pande zote, mtu wenu kila pembe, na kamera ionekane. Sura za kweli mtazipata kwa waigizaji, ndiyo kazi yao.

Ndevu Zimekwenda:
Naona aibu kulalamikia ndevu.

Mgeni wa Jumamosi:
Wakubwa, kwa hiyo 24 au 25?

Jicho Pembe:
Yoyote, mradi kamera zote ziwe sawa. Moja 24 nyingine 25, mwediti atakulaani.

Fundi Gizani:
Hapo tu ndipo tunapokubaliana.

Mgeni wa Jumamosi:
Asanteni. Mwizi tumemtoa kwenye skripti. Friji limebaki.