Kanisa moja kambi mbili, tufanyeje?

MwanaUjiji: Shalom wapendwa, kwetu Kigoma kanisa limegawanyika kisa saa ya ibada, wavuvi wa dagaa wanataka saa nne maana asubuhi ndo wanatoka ziwani, wazee wamegoma wanasema saa moja ndo utaratibu, sasa hata salamu shida. Nia moja ndo kukubali tu?

MamaK: Hapana bana. Wafilipi 4:2 Paulo anawasihi Euodia na Sintike wawe na nia moja, wote watenda kazi wenzake, na hasemi nani kakosea.

Msafiri: Mbalamwezi ikiwaka si hawavui? Wiki hizo saa moja, giza likirudi saa nne. Ila wazee nao, sadaka ya dagaa wanapokea saa yoyote 😂

MwanaUjiji: Hahaha hiyo naipeleka kikaoni