Retinoskopi yangu inazidi plasi 0.50 kwa watu wazima, kwa watoto inapungua. Nakosea wapi?

MstariWaTaa:
Habari za jioni wakuu. Nasoma shahada ya optometria, mwaka wa 3. Mtihani wa vitendo wa retinoskopi (kupima jicho kwa kumulika mboni na kusoma mwanga unaorudi) umebaki wiki 5 na mkono wangu bado haujakaa sawa. Natumia retinoskopi ya mstari na foropta (kile kifaa chenye lenzi nyingi anachotazamia mgonjwa), nimeweka ile lenzi ya R (ya kufidia umbali wa mpimaji), nakaa umbali wa mkono wangu. Matatizo ni matatu:

1. Watu wazima: mtu ambaye miwani yake sahihi ni −2.00, mimi napata −1.50 (minasi ni lenzi za wasioona mbali, plasi ni kinyume chake). Wa +1.00 napata +1.50. Karibu kila mara tofauti ni hiyo hiyo.
2. Karibu kila mtu namkuta na silinda (nguvu ya mwelekeo mmoja tu wa lenzi) ya −0.50 ambayo msimamizi haioni.
3. Watoto ndio balaa. Wa miaka 7 nilipata +0.75, baada ya matone ya kulegeza jicho msimamizi akapata +3.00.

Naomba mnielekeze. Tafadhali msiniambie "fanya mazoezi tu", hilo nimeshaambiwa.

FremuNaLenzi:
Mkuu, namba 1 umejijibu mwenyewe uliposema "umbali wa mkono wangu". Mkono wa nani? Lenzi ya R kwenye foropta nyingi ni +1.50, na hiyo ni ya mtu anayekaa sentimita 67. Mwenye mkono mfupi anajikuta yuko 55, na akiinama kidogo ili aone vizuri anafika 50.

Piga hesabu. Posho ya umbali (kile unachotoa kwenye jibu kwa sababu ya mahali ulipokaa) ni 1 ugawe kwa umbali kwa mita. Sentimita 67 ni 1.50, sentimita 57 ni 1.75, sentimita 50 ni 2.00. Wewe uko 50 lakini unatoa 1.50, kwa hiyo kila mgonjwa anabaki na plasi 0.50 ya ziada. Kosa linalojirudia kwa kiasi kile kile na upande ule ule halitoki kwa mgonjwa, linatoka kwenye kiti chako.

Dawa yake ni uzi. Funga uzi kwenye retinoskopi, usawa wa kile kidirisha cha mbele, piga fundo kwenye sentimita 67. Kabla ya kuanza, na tena ukishafika nyutro (mwanga umejaa mboni, hauendi upande wowote), vuta uzi hadi kwenye lenzi ya mgonjwa (siyo paji la uso lake). Kama 67 inakutesa mgongo, usijilazimishe. Chagua umbali wako, tuseme 57, ondoa kabisa lenzi ya R, na utoe 1.75 kwa kichwa. Kilicho muhimu ni umbali usibadilike katikati ya kazi.

Halafu angalia usije ukatoa mara mbili. Ukiwa na R ndani, unapomaliza unaiondoa tu na namba zilizobaki kwenye foropta ndizo jibu. Kuna wanaoiondoa kisha wanatoa tena 1.50 kwenye karatasi. Huyo mgonjwa anatoka na minasi ya ajabu.

BiAksisi:
Namwachia FremuNaLenzi hilo la umbali, yuko sahihi. Mimi naingia kwenye silinda.

Silinda ndogo kwa kila mtu maana yake unamulika kutoka pembeni. Mgonjwa anatazama chati ya mita 6, wewe umejiweka kando ili kichwa chako kisimzibe. Hapo sawa, lakini ukipotoka nyuzi 10 na zaidi kutoka kwenye mstari wa macho yake, silinda za uongo zinaanza. Kwa umbali wa 67, nyuzi 10 ni kama sentimita 12 tu. Ni rahisi sana kupotoka kiasi hicho bila kujua.

Jicho la kulia la mgonjwa: shika kwa mkono wa kulia, tazama kwa jicho lako la kulia. La kushoto vile vile. Ukitumia jicho lako la kulia kwa macho yake yote mawili, moja utalimulika kwa pembe. Jiweke karibu na mstari kiasi kwamba kwake sikio lako linaonekana kama linakaribia kuigusa chati. Akilalamika kidogo kuwa unamzibia ukingo wa chati, uko pazuri. Na usawa wa juu na chini usiusahau: kiti cha mgonjwa kikiwa chini kuliko chako, unamulika kutoka juu.

Sasa utaratibu wenyewe. Zungusha mstari kwanza bila kugusa lenzi yoyote, tafuta mahali ambapo mstari wa usoni na mstari ulio ndani ya mboni vinalala pamoja bila kukatika. Hizo ndizo meridiani mbili (mielekeo miwili mikuu ya jicho). Kama unatumia silinda za minasi, anza na ile meridiani inayohitaji plasi zaidi, ifikishe nyutro kwa sferi (lenzi yenye nguvu sawa pande zote). Ya pili itaonyesha mwendo wa kinyume (mwanga wa mboni unakwenda kinyume na mstari wako; ukiufuata ni mwendo wa pamoja). Iache sferi ilivyo, ongeza silinda ya minasi, aksisi (mwelekeo wa silinda) ilale sambamba na mstari wako.

Mfano, bila R, umbali 67. Mstari ukiwa wima, unaupeleka kulia na kushoto, nyutro inakuja kwenye +3.00. Mstari ukiwa mlalo, unaupeleka juu na chini, bila silinda ingekuwa +2.00. Kwenye lenzi unaona +3.00 −1.00 × 180. Toa 1.50 kwenye sferi peke yake: +1.50 −1.00 × 180. Silinda haiguswi na posho ya umbali. Nimeona karatasi za mitihani ambapo mtu ametoa 1.50 huku na huku.

Ila na wewe ndugu yangu, achana na foropta kwa wiki mbili. Mvishe mgonjwa fremu ya majaribio. Kwenye foropta huoni mgonjwa anakunja uso, anageuza kichwa, wala jicho linakotazama.

FremuNaLenzi:
Hapo kwenye foropta tutagombana Bi. Mtihani wake ukifanyika kwa foropta atapoteza dakika akitafuta vitasa. Afanye vyote. Ila kambi za macho vijijini, kweli, ni fremu na sanduku la lenzi, foropta hubebi.

MstariWaTaa:
Asanteni sana. Kesho napima kwa uzi. Na la watoto? Kuna wakati naona mwendo wa pamoja, napepesa, naona wa kinyume, kwa jicho lile lile na lenzi ile ile.

Nyutro:
Hiyo ni akomodesheni. Jicho la mtoto linajikaza kutazama karibu, na lina nguvu nyingi za kufanya hivyo, kwa hiyo plasi aliyonayo linaificha. Mwanga ukibadilika mbele yako bila wewe kugusa kitu, na mboni ikiwa inafumba na kufumbuka, usiandike namba yoyote.

Mambo ya kufanya kabla hujafikiria matone:

Chati iwe mbali na iwe kitu anachokipenda, katuni kubwa inatosha. Herufi ndogo zinamfanya akaze jicho. Asikutazame wewe wala taa yako. Akikutazama, anatazama umbali wa sentimita 67 na umeshapoteza 1.50 papo hapo.

Fungia ukungu jicho usilopima. Macho yote mawili yawe wazi, weka plasi ya kutosha kwenye jicho la pili hadi ukilimulika uone mwendo wa kinyume. Likionyesha mwendo wa pamoja bado lina nafasi ya kujikaza, ongeza plasi. Hatua hii wanafunzi wengi wanairuka kwa sababu kwa mtu wa miaka 50 haina madhara, kisha wanashangaa kwa mtoto.

Fanya haraka. Ukikaa dakika 4 kwenye jicho moja mtoto ameshachoka na chati.

Ikishindikana, au mtoto ana makengeza, au namba zinarukaruka, ni siklopentoleti, matone ya kulaza akomodesheni. Kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja kawaida ni ya 1%, chini ya hapo 0.5%, na daima chini ya msimamizi. Ukishadondosha, bonyeza kona ya jicho upande wa pua kama dakika moja ili dawa isishukie puani na kuingia mwilini kwa wingi. Mwambie mzazi mapema kwamba mtoto anaweza kusinzia, uso kuwa mwekundu, na kusoma karibu kutamsumbua hadi siku inayofuata.

Subiri dakika 30 hadi 45. Macho yetu meusi yananyonya dawa, mara nyingi tone la pili linahitajika baada ya dakika 5 hivi. Na hapa ndipo watu wanapotegwa: mboni kupanuka siyo dalili kwamba akomodesheni imelala. Mboni inaweza kuwa wazi kabisa na jicho bado linajikaza. Mpe atazame mbali kisha karibu huku unamulika. Mwanga usipobadilika, endelea.

Ile +3.00 ya msimamizi siyo lazima iandikwe yote kwenye miwani. Mtoto asiye na makengeza huwa inapunguzwa. Mwenye makengeza ya kuingia ndani hupewa yote au karibu yote.

BiAksisi:
Kuongezea tu: mwendo wa pamoja ni rahisi kuusoma kuliko wa kinyume. Ukikutana na kinyume, ongeza minasi hadi ugeuke kuwa pamoja, halafu rudi na plasi kidogo kidogo, 0.25 kwa 0.25, hadi mboni ijae mara moja. Kisha jipime: inamia mbele sentimita 10, uone pamoja, rudi nyuma sentimita 13 hivi kutoka pale pale 67, uone kinyume. Ukipata vyote viwili, nyutro yako ni ya kweli, kasoro haizidi 0.25.

Na hakikisha ile sehemu ya kupandisha na kushusha kwenye mpini iko mahali pake. Kwenye retinoskopi za Welch Allyn ikiwa chini ndiyo kioo bapa, kwenye za Copeland ni ikiwa juu. Ukikosea, pamoja inageuka kinyume na utashinda siku nzima unajilaumu.

Nyutro:
Kwa mazoezi ya chumbani huhitaji mgonjwa. Chukua lenzi ya +20.00 kwenye sanduku, ibandike kwenye mdomo wa bomba la karatasi gumu, ziba kwa karatasi nyeusi yenye tundu la milimita 6. Nyuma yake weka karatasi ya rangi ya chungwa inayosogea. Ikiwa sentimita 5 kamili kutoka kwenye lenzi, hilo ni jicho lisilo na kasoro. Isogeze hadi 4.8, umepata plasi karibu 0.75; irudishe 5.3, umepata minasi kama 1.00. Mwombe mwenzako aisogeze bila kukuambia, akuwekee na silinda mbele.

Ila jihadhari na jibu: akiweka silinda ya −1.50 × 180 kwenye jicho la sentimita 5, ameliongezea plasi inayohitajika. Marekebisho sahihi ni +1.50 −1.50 × 90, siyo kile kilichoandikwa kwenye lenzi.

MstariWaTaa:
Mrejesho wakuu. Uzi umeniumbua: nakaa 54, nikiinama nafika 50. Nimehamia 57 bila R, natoa 1.75. Watu wazima 4 kati ya 5 niko ndani ya 0.25. Silinda za uongo zimebaki kwa mmoja tu, ila huyo mwanga wake unafunguka na kufunga kama mkasi, hata nikiwa kwenye mstari.

BiAksisi:
Huyo usimwache aende. Mmulike katikati ya mboni, milimita 3 au 4, puuza kingo. Kama mboni ni kubwa tu, mkasi unatulia ukiongeza mwanga wa chumba. Usipotulia, na silinda imelala kimshazari au inaongezeka kila mwaka, fikiria keratokonasi (konea, kioo cha mbele cha jicho, inakonda na kuchongoka). Mwulize kama anajikuna macho, pima konea kwa keratomita (kifaa cha kupima mkunjo wake) uone kama duara za mwanga zimepinda, kisha mpeleke kwa msimamizi ukiwa na hizo namba mkononi.