Naomba ushauri: mbegu zetu za mzihana zinachanganyika na za dukani

Hamjambo wapendwa. Sisi ni kikundi cha akina mama huku Ganda, Malindi. Bado tunapanda mzihana, mahindi ya wazee wetu. Mbegu tunaning'iniza juu ya jiko na maganda yake, moshi unafukuza dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi.

Kupeana mbegu tulikuwa tunaogopa, maana sheria ya mbegu ya Kenya ilitaja faini hadi shilingi milioni 1 au jela miaka 2. Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo Novemba 2025, basi tumeamua kuwa na ghala letu la mbegu.

Shida ni jirani, kapanda ya dukani na upepo unaleta chavua. Siku hizi mahindi yetu yanatoka na maganda mafupi, ncha iko wazi, fukusi wanaingia yangali shambani! Tumeambiwa tuache mita 200 kati ya mahindi yetu na yake. Kwa kishamba cha eka moja, tena kwa jina la mume, hizo mita tunazitoa wapi?

Tukichelewa kupanda wiki tatu ili yasichanue pamoja, si mvua itatuacha? Au tuchague mbegu za katikati ya shamba tu? Na wenye ghala la kikundi, mtu akikopa kibaba cha mbegu anarudisha ngapi?